Mpaka Mkopo Uishe

Eutaw, Alabama
12 Januari

Odell, mume wangu,

Nakuandikia kwa sababu simu ya huko kwenu ni kazi bure. Jumapili nilikusikia maneno matatu, kisha upepo, kisha yule mwanamke wa mashine akaniambia nijaribu tena baadaye. Halafu kwenye simu wewe kila kitu ni "shwari, mke wangu, shwari." Kwenye karatasi ukinidanganya nitajua hata kwa mwandiko wako. Basi shika kalamu.

Habari kubwa ya hapa ni binamu yako Thurman. Jumamosi alitualika nusu ya kanisa. Mbavu za nguruwe zilikuwa kwenye pipa lake tangu alfajiri, viazi, kabichi, keki za kutosha harusi. Tukadhani amepata mchumba. Kumbe wamemwondolea bima ya mkopo wa nyumba, ile hela wanayotutoza kila mwezi juu ya malipo yenyewe. Miaka kumi na moja imetimia, kampuni ikamwandikia kwamba hatozwi tena. Basi akafanya kama tulivyofanya kanisani siku tulipomaliza deni la jengo. Akaiweka ile karatasi kwenye sinia, mchungaji akaomba, akawasha kiberiti. Unamjua Thurman na mkono wake. Tangu vile vidole viwili vibaki kwenye kiwanda cha karatasi, kiberiti humsumbua. Dada Ozella akamwambia, "Lete hapa, kaka, kabla hujaunguza na nyumba yenyewe." Jivu amelitia kwenye kopo la kahawa, liko juu ya televisheni. Kila anayeingia anaoneshwa.

Nilicheka na wenzangu, lakini nilirudi nyumbani na mawazo. Thurman alinunua Januari, sisi tulinunua Machi ya mwaka uleule, mkopo wa aina ileile wenye udhamini wa serikali, hata karani alikuwa mmoja. Kwa hiyo yetu inakwisha Machi hii. Na wewe uliniahidi nini pale kituo cha basi? Ulisema, "Bima ikishatoka, malipo yatapungua, nitarudi nifanye kazi yoyote hapa, hata kufagia shule." Nikakwambia rudia. Ukarudia.

Nitawapigia kampuni ya mkopo niwaulize tarehe.

Mimi sijambo. Watoto wa shule wanakula chakula changu na kukilalamikia kama kawaida. Kitanda nimekihamishia chumba cha mbele, asubuhi kuna jua zuri.

Msimu ukiisha usisaini mwingine. Nakusubiri.

Verlene wako

---

Kiwandani, Visiwa vya Aleut, Alaska
26 Januari

Verlene, mke wangu,

Barua yako imefika leo. Ndege ya posta imekuwa ikija, inazunguka juu ya ukungu, tunaisikia, halafu inarudi ilikotoka. Wanaume wazima tunasimama nje tukitazama juu kama kuku.

Kazi ni ileile. Kaa wanashushwa wakiwa hai. Unamshika miguu, unampiga kwenye chuma kilichosimama mezani, anapasuka, gamba linakwenda huku, miguu inakwenda kule, na nyuma yako vyungu vinachemka, mvuke mpaka humwoni mwenzako. Zamu ikiisha mwili haukubali kwamba imeisha. Nakaa, nasimama. Natoka nje, upepo unanirudisha ndani. Kitanda cha chini yangu analala Crisanto, Mfilipino mmoja wa Stockton, California, mtu wa makamo kama mimi. Anasema hata nikilala mikono yangu inapasua kaa. Chakula ni wali. Asubuhi wali, mchana wali. Nimeota uji wa mahindi na siagi, na nilipoamka nilikasirika.

Mwambie Thurman nimefurahi kwa ajili yake, na mbavu zangu aniwekee.

Sasa kuhusu bima. Usiwapigie, Verlene. Iache hivyo ilivyo. Watu wa mikopo ukiwaamsha wanaanza kukagua kila kitu. Ikitoka Machi tutaona, lakini sisi tusiwe wa kuiharakisha. Nina sababu zangu, nitakueleza nikija. Habari ya kurudi Machi nayo tutaitazama. Nilisema nitarudi, sijakataa, ila usinibane kwa tarehe.

Mimi sijambo kabisa.

Odell

---

Kiwandani, Alaska
26 Januari

Binamu Thurman,

Hii isome peke yako, na ukimaliza itupe kwenye pipa lako la mbavu.

Kifua kimeharibika. Kilianza kama mafua, nikakidharau. Sasa kila nikisimama karibu na vyungu napiga miluzi kama birika. Muuguzi wa hapa alinipa mpira nipulize, akatazama kidude chake, akaniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia mama yangu angefufuka anipige. Akasema basi ni mvuke wa kaa, kuna watu ambao mapafu yao huukataa, na yakishaukataa hayarudi nyuma. "Mzee Odell," akasema, "siku moja pumzi itafunga, na ukungu utakuwa umefunga pia, na mimi hapa sina zaidi ya mtungi huu wa oksijeni." Anataka niache. Ukiacha katikati ya msimu unajilipia ndege mwenyewe na marupurupu ya mwisho huyapati. Lakini hilo silo linalonishika.

Sikiliza. Crisanto ana nyumba kwa mkopo kama wetu, na yeye na meza nzima wanajua jambo hili. Ile bima tunayotozwa, mwenye mkopo akifa, inamaliza deni lote. Kuna Msamoa alifariki hapa misimu ya nyuma, wanasema mkewe hakudaiwa tena hata senti. Na ukifikiri ni haki. Bima ya gari ni kwa ajili ya gari likigongwa. Bima ya mkopo ni ya nini kama si mwenye mkopo akianguka?

Mimi sitafuti kifo, binamu, usinielewe vibaya. Lakini nikirudi nyumbani na kifua hiki, nani ataniajiri? Nitakaa barazani nikikohoa, malipo yatatushinda, nyumba itaondoka, na Verlene atakwenda kuishi kwa dada yake, anayemhesabia mpaka sukari. Nikibaki hapa, nalipa kwa mshahara. Nikianguka hapa, nyumba inakuwa yake, na mahangaiko yake yamekwisha. Njia zote mbili anabaki na paa.

Ndiyo maana Machi imenikalia vibaya. Wewe walipokuondolea bima, walikuomba idhini? Mtu anaweza kukataa? Niulizie taratibu, na Verlene mzuie asiwapigie. Mwambie uongo wowote, wewe kwa uongo hujambo.

Binamu yako,
Odell

---

Eutaw
8 Februari

Binamu,

Barua yako nimeichoma kama ulivyoagiza, na sasa natamani ningekuchoma wewe.

Tangu nimezaliwa sijasikia mtu anayeuliza namna ya kubaki na tozo. Hawakuniomba idhini. Walinitumia barua, nikafanya sherehe. Nikwambie ukweli, miaka kumi na moja nimemlisha mbwa ambaye sijamsikia akibweka hata mara moja. Alipoondoka nilifurahi, sikuuliza alikuwa analinda nini. Inawezekana wenzako wanajua. Inawezekana pia ni maneno ya mezani. Mimi sijui.

Kumzuia Verlene nimejaribu. Alinikuta kwenye maegesho ya kanisa, akaniuliza, "Thurman, kuna nani huko Alaska?"

Nikasema, "Kuna kaa, shemeji. Kaa wengi."

"Kaa gani wanaovaa sketi?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Anasema mwanamume anayekataa nafuu na kukataa kurudi nyumbani ana nyumba nyingine. Nikamwambia wewe hata ya kwanza umeipata kwa kusukumwa. Hapo pia hakucheka. Nimeanza kumwogopa.

Odell, nikuambie kitu ambacho huwa sikisemi. Siku ile ya vidole vyangu, mashine ilikuwa imenionya tangu asubuhi. Ilikuwa inavuta glavu. Niliendelea kwa sababu zamu ya Jumamosi ilikuwa na malipo mara mbili. Wewe muuguzi amekuonya kwa mdomo, kwa Kiingereza, na mtungi amekuonesha.

Nitanyamaza mpaka mwezi huu uishe. Baada ya hapo siahidi.

Thurman

---

Eutaw
11 Februari

Odell,

Nimewapigia. Uliniambia nisiwapigie, na sababu hukunipa, kwa hiyo nimewapigia.

Aliyepokea ni mama mmoja anaitwa Bibi Pruitt, sauti ya kikohozi, mtu mzima, hakuniharakisha. Nikamwambia nataka tarehe yetu ya Machi. Akatafuta, akasema, "Mama Gaines, yenu haina tarehe."

Nikamwambia, "Haina vipi? Ya binamu yetu imetoka mwezi uliopita, nimeiona ikiungua."

Akaniuliza binamu yetu alianza kwa kutoa kiasi gani. Hapo ndipo nilipokaa chini. Thurman alitoa fidia ya vidole, Odell, unakumbuka? Fidia yote aliiweka kwenye nyumba siku ya kusaini. Ilitosha sehemu ya kumi ya bei. Anayeanza na sehemu ya kumi au zaidi, bima yake inadumu miaka kumi na moja, inaondoka. Anayeanza na chini ya hapo, kama sisi tulivyoanza na kile kidogo kabisa wanachokubali, bima yake inadumu mpaka mkopo uishe. Ndivyo mikopo hii ilivyokuwa tayari mwaka ule tuliosaini. Nikamuuliza, hata tukilipa vizuri? Akasema, "Mnalipa vizuri sana, mama. Hata hivyo." Nikamuuliza, na nyumba ikipanda bei? Akasema haisaidii.

Njia za kuitoa ni kuuza, au kuumaliza mkopo, au kuchukua mkopo mwingine wa kawaida wa kuufuta huu, na huo akaniambia nipige hesabu kwanza maana riba ya siku hizi imeipita ile yetu. Ukitaka huo, saini yako inahitajika na kampuni yako iseme bado umeajiriwa.

Nilikuwa nasubiri Machi kama mtoto. Nilishamwambia mwalimu mkuu kwamba unarudi. Sasa Machi haipo.

Ila kuna jambo moja nataka kulijua kuliko la bima. Wewe ulijuaje kwamba nisiiguse? Ni nani anayekushauri? Kama kuna mtu huko, niambie jina lake, nitalia siku moja niende kazini. Haya ya kunizungusha yananichosha zaidi.

Verlene

---

Kiwandani, Alaska
24 Februari

Mke wangu,

Mpaka mkopo uishe? Una hakika alisema hivyo? Kumbuka vizuri alichokwambia, uniandikie neno kwa neno.

Kama ndivyo, basi vizuri. Najua utashangaa, lakini ni vizuri, na usichukue huo mkopo mwingine wala usimtafute mtu wa kukusaidia. Iache ikae. Umeniondolea mzigo ambao huujui. Jana nilikuwa nazunguka huku kama mbwa aliyefungwa, leo nimekaa nikala wali wangu wote.

Hakuna mwanamke, Verlene. Wanawake walioko hapa wananuka kaa kama mimi, na jioni wanataka kulala tu.

Nimesaini na msimu wa kiangazi. Tafadhali usikasirike. Nyumba yako iko salama sasa, nakuhakikishia, kwa vyovyote vile.

Odell

---

Eutaw
9 Machi

Odell,

Thurman alikuja jana baada ya ibada. Alikaa barazani bila kuvua kofia, nikajua kuna msiba. Nikamuuliza, "Amekufa?" Akasema, "Bado." Halafu akaniambia yote.

Nimemtukana Thurman matusi ambayo sikujua kama ninayo. Ameyapokea yote, akaniomba maji ya kunywa.

Leo asubuhi sikwenda kazini. Nilimpigia Bibi Pruitt. Nikamwambia, "Nina swali moja, na naomba usinizungushe. Mume wangu akifa kesho, hii bima inanilipia nini?"

Akasema, "Mama Gaines, si bima yenu hiyo. Ni yetu."

Nikamwambia afafanue, mimi mpishi. Akanifafanulia. Bima ile inamlinda mkopeshaji. Mimi nikishindwa kulipa, wakachukua nyumba, wakaiuza, wakapata hasara, ndipo bima inawalipa wao hasara yao. Wao, Odell. Wewe ukifa, mimi nabaki na nyumba na deni lake lote, na malipo ya kila mwezi yanaendelea, na bima ndani yake, kama jana. Ile ambayo wenzako wanaizungumzia, inayomaliza deni mtu akifa, ipo, ni bima ya maisha, mtu huinunua mwenyewe kando, na sisi hatukuinunua. Akasema si mimi wa kwanza kumuuliza. Wajane wengi humpigia wakiwa na cheti cha kifo mkononi, na yeye ndiye anayewaambia. Kisha akaniuliza, "Yuko hai, mama?" Nikamwambia yuko hai na ni mjinga. Akasema, "Basi mwandikie leo."

Ndiyo nimeandika.

Kwa hiyo ulikuwa unajiuza kwa kampuni ya mkopo, na wao hata hawakujua wamekununua. Tumewashikia mwavuli miaka kumi na moja sisi wenyewe tukiloa. Ungekufa, ungekufa bure. Ningekuzika na mwezi unaofuata ningeweka bahasha kwenye posta kama kawaida.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, pokea na wangu. Sikuhamisha kitanda kufuata jua. Chumba chetu kinavuja. Tangu Oktoba mbao za paa zimeoza upande ule wa nyuma, mvua ikinyesha naweka ndoo mbili na sufuria. Sikukwambia kwa sababu nilijua utabaki huko ukitafuta hela ya paa. Nyumba unayotaka kuifia inavuja, Odell. Inavuja juu ya upande wako wa kitanda.

Acha kazi. Marupurupu waachie. Nauli nitaikopa kwa dada yangu, na sukari yake nitaihesabu naye punje kwa punje. Sikuolewa na paa.

Verlene

---

Eutaw
20 Machi

Odell,

Hujajibu. Najiambia ni ukungu.

Nimepiga simu ofisini kwenu. Wa kwanza amesema uko zamu. Nimepiga tena, wa pili amesema hupo zamu, hajui uko wapi, nisubiri. Nikasubiri, ikakatika.

Thurman anapita hapa asubuhi na jioni, anashika shika vitu. Leo ametengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa mbovu. Sasa mlango haufungi.

Andika hata jina lako tu.

V.

---

Anchorage
23 Machi

Verlene,

Nipo. Natoka hospitali hapa mjini, wamenipa dawa ya kuvuta na wamenisikiliza kifua mpaka wakachoka. Barua yako imenifikia. Nimeacha kazi. Wiki ijayo wakiniruhusu naanza safari, ndege tatu kisha basi.

Thurman asije kituoni. Atalia mbele ya watu.

Odell

---

Eutaw, Alabama
19 Aprili

Ndugu yangu Crisanto,

Natumaini barua hii itakukuta hujaondoka, na kama umeondoka natumaini uliondoka kwa hiari yako. Najua nilikuahidi kuandika nikifika tu. Nilipofika nililala, na kila nikiamka kulikuwa na mtu wa kanisani na sahani.

Huwa naiwaza siku ile. Mimi niko kwenye kitanda cha muuguzi, mpira wa ule mtungi puani, nje ukungu, na wewe umekuja na barua ya mke wangu uniburudishe kwa kunisomea. Ulisoma vizuri, kwa sauti yako ya mtangazaji, mpaka pale aliposema bima ni ya mkopeshaji. Hapo ukaacha. Nikakwambia endelea. Ukarudia mstari ule kwa sauti ndogo, kisha ukaurudia tena, na hukuwa unanisomea mimi. Kisha muuguzi akaingia akasema ukungu umefunguka kidogo, rubani atajaribu. Sikupata nafasi ya kukuuliza. Kwa hiyo nakuuliza sasa. Umewapigia watu wako wa mkopo huko Stockton?

Hapa habari ni hizi. Mke wangu alinipokea kituoni. Aliweka sikio kifuani kwangu, pale pale, na mizigo ya watu ikipita. Halafu akasema, "Kama birika." Basi, tukaenda nyumbani. Thurman hakuja kituoni. Alikuwa amejificha nyuma ya mashine ya soda, nilimwona, akilia.

Nilipoingia chumba cha nyuma nikatazama juu, Crisanto, niliona anga. Mahali pa mto wangu pana tundu linaloingia ngumi. Nikawaza, huku nikipasua kaa na kujipongeza kwamba nawaachia watu paa.

Jumamosi iliyopita Thurman alikuja na wanaume sita wa kanisa na mbao. Daktari amenikataza ngazi, vumbi, moshi, na hasira. Nikapewa kazi ya kushika ngazi, na Verlene akasimama karibu yangu kunishika mimi. Thurman yuko juu, vidole vyake vitatu vya mkono ule vimeshika misumari, anapiga kelele, "Odell, tikisa ngazi kidogo nijue uko hai." Nikamwambia nikitikisa wewe ndiye utakayekuwa maiti, nami sina bima ya kukuzika. Walicheka mpaka nyundo ikadondoka ikaangukia kabichi.

Jioni walikusanya mbao zilizooza kwenye pipa, wakaziwasha. Thurman akanisogeza mbali na moshi, kisha akaenda garini, akarudi na lile kopo lake la kahawa. Anataka jivu la mbao zetu alichanganye na la karatasi yake.

Verlene akamwambia, "Thurman, sisi hatujamaliza chochote. Bima bado tunailipa, tutailipa mpaka mkopo uishe, na mkopo utaisha tukiwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Unachoma nini?"

Thurman akasema, "Nachoma mbao, shemeji. Mchungaji, omba."

Mchungaji akaangalia pipa, akatuangalia sisi, akaomba maombi mafupi sana. Sijui aliombea nini, nilikuwa nakohoa.

Maisha ni magumu, sikufichi. Asubuhi na mchana nasimama barabarani mbele ya shule ya Verlene na kibao chekundu, navusha watoto. Malipo yake ukiyasikia utacheka. Chumba cha nyuma tumempangisha mwalimu mgeni sasa kwa kuwa hakivuji, na hela yake inakwenda moja kwa moja kwa Bibi Pruitt. Siku nyingine situlii, miguu inataka kwenda zamu, natoka barazani, naingia, natoka. Verlene ananiambia kaa chini unanichosha macho. Tumenunua ile bima nyingine, ya maisha, ndogo, kwa jina langu. Kwa kifua hiki wamenitoza kama tajiri. Verlene alisaini akasema ole wangu niitumie.

Wewe una mke, Crisanto, na una nyumba, na siku zile za mwisho nilikusikia na wewe ukianza kupiga mluzi ukipanda ngazi ya bweni. Ulidhani nimelala. Usiiulize ile meza tena. Ule wakati wote sote tulikuwa tunaambiana jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Piga simu, mpate mtu wako, muulize kama Verlene alivyouliza: nikifa kesho, mke wangu anapata nini? Halafu nenda kwa muuguzi, upulize ule mpira.

Jana mchana mvua ilinyesha, ile ya kwetu ya kupiga mabati ya majirani. Nilikuwa kwenye kiti, nimesinzia. Nikamsikia Verlene anakimbia jikoni, anachukua ndoo, anakwenda nayo chumba cha nyuma kwa mazoea. Kisha kimya. Nikainuka nikamfuata. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mpangaji na ndoo mkononi, ameinua uso, anasikiliza. Hakuna kilichodondoka. Akageuka akaniona mlangoni, akaja akaweka sikio kifuani kwangu.

"Na wewe?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi bado navuja kidogo.

Piga simu, ndugu yangu.

Odell Gaines